Kuijenga upya ThinkPad X230 kwa vipuri vipya: mwongozo kamili

Ukizunguka maduka ya kompyuta zilizotumika Kariakoo au katikati ya Nairobi, si ajabu ukaikuta: laptopu nyeusi, ndogo, ya inchi 12.5, yenye kinundu chekundu katikati ya kibodi. ThinkPad X230 ilitoka mwaka 2012 ikiwa mashine ya maofisini. Ofisi zilipobadilisha vifaa vyao, ikaingia kwenye soko la mitumba. Wengi huipita wakishaona umri wake. Mimi naiona kuwa mojawapo ya laptopu bora kabisa kwa mtu anayetaka kuboresha mashine kwa mikono yake, kwa sababu karibu kila kitu kilichomo ndani kinatoka kwa bisibisi moja: ramu, diski, kadi ya Wi-Fi, kibodi, kioo. Betri haihitaji hata bisibisi.

Kinachowakwamisha watu si skrubu. Mtu ananunua kadi mpya ya Wi-Fi, anaichomeka, mashine inagoma kuwaka. Mwingine ananunua betri mpya isiyo ya Lenovo, inaingia vizuri, lakini haichaji kamwe. Wote wawili humlaumu muuzaji, na mara nyingi muuzaji hana kosa. Kikwazo kimo kwenye programu mbili zilizohifadhiwa kwenye bodi yenyewe, BIOS na EC, ambazo Lenovo ilizifunga zisikubali vipuri vya nje. Zinafunguka, ila zina utaratibu wake, na ukiuvuruga unarudi mwanzo. Kwa hiyo katika mwongozo huu zingatia mpangilio kuliko kitu kingine chochote: kagua kabla ya kununua, weka SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) na ramu, fungua programu za bodi, na baada ya hapo ndipo ununue kadi ya Wi-Fi, betri na kibodi. Kioo kije mwisho.

Kabla ya kutoa pesa

Iwashe mbele ya muuzaji. Nembo ya ThinkPad ikitokea, bonyeza Enter kisha F1 uingie kwenye BIOS. Ikikuomba nywila na muuzaji haijui, irudishe mezani. Nywila ya msimamizi kwenye ThinkPad za enzi hii imehifadhiwa kwenye chipu yake, na kuchomoa ile betri ndogo ya saa hakuifuti hata ukiiacha nje wiki nzima. Anayekuambia "fundi ataitoa kwa dakika mbili" anazungumzia mashine za aina nyingine.

Ukishaingia, soma ukurasa wa kwanza. Utaona aina ya prosesa, toleo la BIOS na toleo la EC. Andika vyote. Prosesa ya X230 imelehemiwa kwenye mazabodi, kwa hiyo utakayoinunua ndiyo utakayokaa nayo. Zinazopatikana zaidi ni i5-3320M ya 2.6 GHz na i7-3520M ya 2.9 GHz. Zote zina kore mbili na nyuzi nne, na kwa kazi za kila siku tofauti yake ni ndogo. Usilipe sana kwa ajili ya neno "i7". Anayetaka kubadili prosesa atafute T430, ndugu yake mkubwa wa inchi 14, ambaye prosesa yake imekaa kwenye soketi na inapokea hata ya kore nne kama i7-3632QM.

Kisha nenda sehemu ya Security uangalie Computrace. Hii ni huduma ya kufuatilia mashine iliyoibiwa. Ukikuta imewashwa kwa kudumu, huenda kuna kampuni mahali fulani inayoihesabu kuwa mali yake. Achana nayo.

Kitu cha mwisho dukani, na hiki ndicho kinachostahili bei ya juu, ni kioo. X230 iliuzwa na vioo vya aina mbili, TN na IPS, vyote vya pikseli 1366 kwa 768. Ukifungua ukurasa wenye picha za watu kisha ukakilaza kioo nyuma mpaka unakitazama kutoka chini, cha TN kinageuza rangi, nyuso zinakuwa kama hasi ya picha. Cha IPS hakibadiliki. Kati ya i5 yenye IPS na i7 yenye TN, chukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Vifaa vya kazi

Unahitaji bisibisi ya nyota yenye ncha nzuri isiyokula vichwa vya skrubu, kipande cha plastiki cha kubandulia fremu (kadi ya zamani ya simu au ya benki inatosha), utepe wa kuhami, spiriti ya aina ya isopropili, pesti ya joto na flashi mbili. Pakua pia kitabu cha ufundi cha Lenovo cha X230, kile kinachoitwa Hardware Maintenance Manual. Ni bure, ni PDF, na kinaonyesha kila skrubu, urefu wake na mahali inapoingia. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kilichopo upande wa pili. Chora umbo la chini ya laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa iweke juu ya mchoro mahali ilipotoka.

Kabla ya kila ufunguzi, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma chochote kikubwa kabla ya kugusa bodi, hasa ukiwa umekaa juu ya zulia.

SSD na ramu

Hapa ndipo utapata faida kubwa kwa pesa kidogo, na kama bajeti yako inaishia hapa bado umefanya jambo la maana.

Diski iko pembeni kulia, chini ya kifuniko kidogo chenye skrubu moja. Kifuniko kikitoka utaona kipande cha utepe kinachoning'inia. Kivute polepole na diski inateleza kutoka ikiwa imevaa reli mbili za mpira ubavuni. Reli hizo zihamishie kwenye SSD mpya, la sivyo itacheza ndani. Nafasi ni ya diski ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na ya milimita 9.5 haipiti. Njia yake ni SATA ya 6 Gb/s, yaani kasi halisi inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde. Kwa hiyo SSD ya kawaida ya SATA kutoka kampuni inayojulikana inatosha kabisa.

Usiifute diski ya zamani. Kama ina Windows, utaihitaji mbele kidogo.

Kuna nafasi ya pili ya diski ambayo wengi hawaijui. Chini ya sehemu ya kuwekea viganja kuna sloti iliyokusudiwa kadi ya modemu ya laini ya simu, na sloti hiyo inapokea SSD ya mSATA. Kasi yake ni nusu, SATA ya 3 Gb/s. Mfumo endeshi uweke kwenye SSD kubwa, mSATA iwe ya mafaili na nakala za akiba. Usinunue SSD ya NVMe kwa ajili ya mashine hii. Hata ukiipatia adapta, BIOS ya kiwandani haiwezi kuwaka kutoka kwayo, na sloti ndogo zilizopo zina njia moja tu ya PCIe.

Ramu iko chini ya kifuniko kingine upande wa chini. Sloti ni mbili na kikomo ni GB 16, yaani vipande viwili vya GB 8. Tafuta DDR3L ya laptopu, 1600 MHz, ambayo kwenye lebo huandikwa pia PC3L-12800. DDR4 haiingii, pini zake ni tofauti. Nunua vipande viwili vinavyofanana hata kama ni GB 4 kila kimoja, kwa sababu michoro ya Intel HD 4000 iliyomo ndani ya prosesa inaazima ramu hiyo hiyo, na ramu ikifanya kazi kwa njia mbili michoro inapata nafuu inayoonekana. Chomeka kipande kikiwa kimeinama, kisukume mpaka mstari wa dhahabu usionekane, kisha kilaze mpaka vibanio vya pembeni vilie. Ukimaliza, iwashe na memtest86+, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi na uiache imalize mzunguko mzima. Ramu ya mtumba yenye kasoro huleta matatizo ambayo utayatafuta kwenye mfumo endeshi kwa miezi.

Programu za bodi: kazi yenyewe

Soma sehemu hii yote kabla ya kugusa chochote.

BIOS ya X230 ina orodha ya kadi za Wi-Fi zinazoruhusiwa. Kadi isiyomo kwenye orodha inaleta kosa namba 1802 na mashine inasimama hapo hapo. EC, ile chipu ndogo inayosimamia kibodi, feni na chaji, inahakiki betri: betri isiyo na saini ya Lenovo inaambiwa haitambuliki na haichajiwi. Wanaprogramu wa kujitolea wamezifungua zote mbili. Mradi wa 1vyrain unaondoa orodha ya BIOS kwenye familia nzima ya mwaka 2012: X230, T430, T430s, T530 na W530. Mradi wa thinkpad-ec unarekebisha EC. Yote haya bila kufungua mashine.

Utaratibu ni huu, na hauna njia ya mkato: kwanza rudisha BIOS nyuma, pili rekebisha EC, tatu weka 1vyrain. EC hupitia kwenye kisasishi rasmi cha Lenovo, na ndiyo sababu inatangulia. Ukiweka 1vyrain kwanza unakuwa umejifungia mlango huo.

Anza na umeme. Chomeka chaja na hakikisha betri imejaa. Kisasishi cha Lenovo hukataa kuanza kama hakuna betri yenye chaji, na umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS bila betri, utabaki na kipande cha plastiki nyeusi. Kama betri yako imekufa, azima ya mtu yenye asili ya Lenovo kwa saa moja. Usinunue ya bei rahisi kwa ajili ya kazi hii, maana EC ambayo haijarekebishwa haitaichaji, na bila chaji hutaweza kuirekebisha EC.

Ndani ya BIOS, kwenye Security, ruhusu usasishaji wa BIOS na mtumiaji na uzime Secure RollBack Prevention, kinga inayozuia kurudi toleo la nyuma. Zima Secure Boot. Kwenye Startup, chagua Both ili iwake kwa UEFI na kwa njia ya zamani.

Sasa irudishe ile diski yenye Windows. Pakua IVprep, kifurushi kinachoandamana na 1vyrain. Kinatambua toleo ulilonalo na kuirudisha BIOS kwenye toleo la zamani lenye mwanya unaohitajika. Matoleo ya mwisho ya Lenovo yaliziba mianya hiyo, ndiyo maana hatua hii hairukwi. Mashine itajiwasha upya na kuonyesha maandishi ya usasishaji. Subiri.

Hatua ya pili inafanyika kwenye Linux, hata kwenye kompyuta nyingine. Shusha mradi wa thinkpad-ec kutoka GitHub, ingia kwenye folda yake, kisha:

make patch_enable_battery clean
make patched.x230.img

Mstari wa kwanza unawasha rekebisho la betri, ambalo kwa kawaida limezimwa. Rekebisho la kibodi ya zamani (ile ya safu saba ya X220, nitakayoieleza mbele) limewashwa tayari. Kama hutabadilisha kibodi, lizime kwa make patch_disable_keyboard clean kabla ya mstari wa mwisho, la sivyo baadhi ya vitufe vya kibodi yako ya sasa vitafanya kazi za vingine. Kwa hiyo amua kuhusu kibodi kabla ya kufika hapa. Faili inayopatikana iandike kwenye flashi kwa dd, amri ya Linux ya kunakili picha za diski, washa X230 kwa kubonyeza F12, chagua flashi, na itatokea menyu ile ile ya Lenovo ya kusasisha. Ifuate mpaka mwisho.

Hatua ya tatu: andika picha ya 1vyrain kwenye flashi ya pili, washa kwa F12 kwa njia ya UEFI, na chagua kuweka BIOS iliyorekebishwa. Usishtuke mashine ikilala na kuamka katikati ya kazi. Kulala na kuamka ni sehemu ya mbinu yenyewe. Ikimaliza, ingia tena kwenye BIOS. Utaona menyu mpya ambazo hazikuwepo. Ziache kwanza.

Kuna njia ya pili, ya mikono, kwa anayetaka coreboot, programu huria inayochukua nafasi ya BIOS yote, au kwa ambaye kazi ya kuandika BIOS imekwama katikati. Toa kibodi na sehemu ya viganja. Chini ya utando mweusi wa plastiki utaona chipu mbili ndogo zenye miguu minane kila moja. Ya upande wa kioo ni ya MB 4, ya upande wako ni ya MB 8. Kwa kibanio cha SOIC-8 na kifaa cha kuandikia kama CH341A unazisoma na kuziandika ukiwa nje. Chaja na betri viwe vimetolewa kabisa. Hakikisha kifaa kinatoa volti 3.3, kwa kuwa CH341A nyingi za bei nafuu hupitisha volti 5 kwenye nyaya za data na hizo si salama kwa chipu hizi. Soma kila chipu mara mbili, linganisha faili mbili kwa amri ya sha256sum, na zisipofanana rekebisha kibanio usome tena. Hifadhi faili hizo mahali pengine, si kwenye laptopu hiyo hiyo. Zikiwepo, hata ukikosea kuandika unaweza kurudi ulikotoka.

Kadi ya Wi-Fi

Kadi nyingi za kiwandani ni Intel 6205, inayoishia 802.11n, yaani Wi-Fi 4. Ilikuwa nzuri wakati wake. Leo, ukiwa na intaneti ya faiba nyumbani, inakuwa shingo ya chupa.

Chaguo rahisi ni Intel 7260HMW, kadi ya nusu ya mini PCIe inayoingia moja kwa moja na kukupa 802.11ac, yaani Wi-Fi 5. Ukitaka Wi-Fi 6, tafuta AX200 iliyotengenezwa kwa umbo la nusu mini PCIe, au AX200 ya M.2 pamoja na adapta yake. Angalia namba vizuri: AX201 inafanana nayo kwa macho lakini inahitaji prosesa mpya za Intel zenye njia ya CNVi, na ndani ya X230 haitaonekana kabisa.

Ili kuifikia, toa skrubu za chini zenye alama ya kibodi na zile za sehemu ya viganja. Geuza laptopu, isukume kibodi kidogo kuelekea kioo, kisha inyanyue kutoka ukingo wa mbele. Usiivute kwa nguvu, kuna waya bapa chini yake uliochomekwa kwenye bodi. Sehemu ya viganja nayo ina waya bapa wake. Kadi utaiona mara moja, ikiwa na nyaya mbili au tatu nyembamba juu yake: wa kijivu ni antena kuu, mweusi ni wa pili, mweupe kama upo ni wa tatu.

Viunganishi vya antena ni vidogo kuliko punje ya mchele na ndivyo vinavyoharibiwa zaidi katika kazi hii yote. Kuvitoa, ingiza ncha bapa chini ya kichwa na ukinyanyue wima, kamwe usivute waya. Kuvirudisha, kiweke kichwa juu ya duara, kisogeze kwa kidole mpaka uhisi kimekaa katikati, ndipo ubonyeze. Utasikia mlio mdogo. Kama hakikulia, usiongeze nguvu. Kinyanyue ukiweke upya. Kadi za M.2 hutumia viunganishi vidogo zaidi ambavyo nyaya za X230 hazivishiki, kwa hiyo ukichukua njia ya adapta nunua pamoja na vibadilishi vya antena.

Betri na chaja

Baada ya rekebisho la EC, betri yoyote yenye umbo sahihi itachaji. Za X230 huitwa 44+ ya seli sita na 44++ ya seli tisa, na sasa hata zile za X220, 29+ na 29++, zinakubali. Hapa nina msimamo: uhuru wa kutumia betri yoyote usiwe ruhusa ya kununua yoyote. Betri za bei ya kutupwa huandikwa uwezo zisiokuwa nao, na seli mbovu za lithiamu hushika moto. Bora ya kampuni inayojulikana yenye dhamana kuliko ya seli tisa isiyo na jina.

Chaja ya X230 ni ya volti 20, wati 65 au 90, yenye mdomo wa duara na pini katikati. Pini hiyo ndiyo inayoiambia laptopu chaja ina wati ngapi. Adapta za kutoka USB-C kwenda mdomo huo zipo, na ukiwa na chaja ya USB-C ya wati 65 inayotoa volti 20 unaweza kubeba chaja moja kwa simu na laptopu. Hakikisha maelezo ya adapta yanataja volti 20 na mdomo wa ThinkPad wa duara, si ule wa mstatili uliokuja mwaka uliofuata.

Kibodi ya safu saba

X230 ndiyo iliyoleta kibodi ya visiwa kwenye familia hii. X220 ya mwaka 2011 ilikuwa ya mwisho katika mstari huu kuwa na kibodi ya safu saba, ambayo waandishi na wanaprogramu wengi bado wanaitafuta: vitufe vyenye kina, Delete kubwa, na Home na End mahali pa kueleweka. Kibodi ya X220 au T420 inaingia kwenye X230, na ukishaandika kitu kirefu juu yake utaelewa kwa nini watu wanajisumbua.

Kuna kazi tatu. EC iwe na rekebisho la kibodi. Vijino vya ukingo wa mbele wa kibodi ya zamani havilingani na sehemu ya viganja ya X230, hivyo vipunguzwe kwa tupa taratibu huku ukijaribisha. Na kwenye kiunganishi cha waya, baadhi ya pini ambazo X230 hupeleka umeme wa taa ya kibodi zinagusana na ardhi kwenye kibodi ya zamani. Zifunikwe kwa utepe mwembamba wa kuhami kabla ya kuchomeka. Mchoro wa pini hizo uko kwenye kurasa za watu wa ThinkPad. Uweke mbele yako wakati wa kazi, usitegemee kumbukumbu. Taa ya chini ya vitufe utaikosa. Ile taa ndogo ya juu ya kioo inabaki.

Kioo

Kutoka TN kwenda IPS ni kazi ya nusu saa. Toa vifuniko vidogo vya mpira kwenye fremu, toa skrubu zake, pitisha kadi ya plastiki kuzunguka fremu mpaka ibanduke, fungua skrubu za pembeni za paneli, ilaze kifudifudi juu ya kibodi iliyofunikwa kitambaa, bandua utepe na uchomoe waya. Paneli inayotafutwa ni LG LP125WH2, zile zinazoishia SLB1, SLB3 au SLT1. Waya ni ule ule, hakuna programu ya kubadili. Paneli zilizotumika zijaribiwe kwanza: acha dirisha jeupe lenye maandishi meusi kwa dakika kumi, kisha weka rangi ya kijivu. Baadhi ya hizi LG huacha kivuli cha picha iliyopita, na kivuli hicho hakiponi.

Full HD inawezekana, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Bodi ndogo ya ziada inachukua mawimbi ya DisplayPort yanayokwenda kwenye doki (kituo cha mezani cha kuchomekea laptopu) na kuyapeleka kwenye paneli mpya ya eDP. Bodi zenyewe mara nyingi hulehemiwa kwenye alama ndogo mno za mazabodi, na baada ya hapo DisplayPort ya doki inapotea. Kama hujawahi kulehemu vitu vya ukubwa huo, mpe fundi wa simu mwenye darubini. Wao hufanya kazi ndogo kuliko hiyo kila siku. Kwa inchi 12.5, IPS ya kawaida inanitosha.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya kubadili vipuri. Kikundi cha 51nb cha China kilitengeneza mazabodi mpya kabisa za kuingia kwenye maboksi ya zamani: X62 kwa boksi la X60 na X61, na X210 yenye prosesa za kizazi cha nane cha Intel kwa boksi la X200 na X201. Ni kazi ya kupendeza, ila bei yake ni ya laptopu mpya.

Joto na mfumo endeshi

Pesti ya mwaka 2012 imeshakauka. Kufika kwenye feni kunataka ufunguzi mrefu kuliko kazi zote zilizotangulia, kwa hiyo fuata kitabu cha Lenovo ukurasa kwa ukurasa. Safisha pesti ya zamani kwa isopropili, weka mpya kidogo sana katikati ya prosesa, na utoe vumbi lililojibana kwenye mapezi ya shaba. Vumbi la miji yetu hufanya zulia zima pale.

Windows 11 haiikubali rasmi: inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kizazi cha nane, wakati X230 ina ya tatu na TPM 1.2. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint au Debian. Kila kitu cha X230 kinatambuliwa bila kutafuta dereva. Hakikisha fstrim.timer, huduma inayoiarifu SSD mafaili yaliyofutwa, imewashwa ili SSD isichoke mapema.

Udhaifu mmoja hauondoki kwa kipuri chochote: HD 4000 inasimbua video za H.264 kwa chipu, lakini si VP9 wala AV1, miundo mipya zaidi ya video ambayo YouTube inaipendelea. Bila msaada prosesa inabeba mzigo wote, feni inalia na betri inaisha. Weka kiendelezi cha h264ify kwenye kivinjari, kitailazimisha YouTube kutoa H.264, na feni itatulia.

Mwisho, weka TLP, programu ya Linux ya kusimamia umeme, na kwenye mipangilio yake andika START_CHARGE_THRESH_BAT0=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80 kama laptopu yako hukaa mezani ikiwa imechomekwa. Betri itasimama kwenye asilimia 80 badala ya kukaa imejaa siku nzima. Ukisafiri, amri ya tlp fullcharge inaijaza kwa mara hiyo moja.